SOMO LA LEO: VAKYUMU INAYOJIWASHA YENYEWE UKIWASHA MSUMENO

Humu tumezoea kuongea mambo ya kupiga picha bidhaa, bei, na jinsi ya kumjibu mteja anayeuliza "mwisho ngapi". Leo naomba mnivumilie kidogo, nataka nitoe somo la karakana. Najua wengi humu mnatengeneza kitu kwa mikono yenu ndio mnauza: mbao, ngozi, sabuni, nguo. Hata kama hugusi umeme, soma mpaka mwisho, kuna kitu chako.

Mimi nipo Tunduma, mtaa wa Sogea. Nilimaliza kidato cha nne, sikuendelea, nikajifunza kazi ya mbao kwa kuangalia na kuharibu. Nauza stendi za simu, vibao vya kukatia mboga na fremu za picha. Duka langu ni simu yangu, na karakana yangu ni chumba cha uani hapa nyumbani kwa mama. Mizigo inaenda Mbeya, Sumbawanga, Dar, na wateja wachache wa ng'ambo ya mpaka, Nakonde.

KILICHONIFANYA NIKAE CHINI NIFIKIRI

Kuna dada mmoja wa Mbeya aliniagiza stendi 20 za simu kwa ajili ya duka lake la vifaa. Oda kubwa kwangu. Nikakesha, nikapiga msasa, nikapaka vanishi, nikapakia, nikatuma kwa basi. Siku ya pili ananipigia simu ya video. Ananionyesha stendi zangu juu ya kaunta, ameziweka kwenye mwanga. Zina vichunusi vidogo vidogo kama mtu mwenye upele. Vumbi la mbao limenasa ndani ya vanishi.

Akaniambia, "Kaka, hizi 9 siwezi kuziweka mbele ya mteja. Nisamehe, nakurudishia."

Sikumlaumu. Nauli ya kwenda na kurudi nikalipa mimi, stendi nikazikwangua upya.

Jioni hiyo hiyo mama akanikuta nimekaa kibarazani. Mdogo wangu, yuko kidato cha pili, huwa ananisaidia Jumamosi na siku za likizo. Mama akasema, "Huyu mtoto anakohoa tangu Jumatatu. Nyie mnafanyia nini humo ndani?"

Sikuwa na jibu. Stendi 9 ni hasara ya pesa, pesa inatafutwa. Lakini kifua cha dogo hakirudishwi kwa basi.

Na sio kikohozi cha kupita tu. Vumbi la mbao limewekwa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, kwenye kundi la 1, maana yake imethibitika linasababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua na mianzi yake. Ukifanya kazi ya mninga utaona mwenyewe, pua inawasha, macho yanatoa machozi. Paini nayo sio salama kwa vile tu ni laini.

VAKYUMU NILIKUWA NAYO!

Hapa ndipo penye aibu yangu. Kifyonza vumbi, hiki tunachoita vakyumu, nilishanunua cha mtumba miezi minne kabla. Bomba lake nimelifunga nyuma ya msumeno wa meza vizuri kabisa. Sasa kwa nini vumbi lilikuwa limejaa?

Nilimpa dogo daftari, nikamwambia akae mlangoni amevaa barakoa, aandike mstari kila nikiwasha msumeno, na mstari mwingine kila nikiwasha vakyumu. Kwa siku moja nilikata mara 46. Vakyumu niliwasha mara 11.

Mara 11 tu! Na mimi nilikuwa nimeapa kwamba naiwasha "karibu kila mara".

Sababu ni ndogo mno. Swichi ya vakyumu iko ukutani, hatua nne kutoka kwenye msumeno. Ukiwa unakata kipande cha sekunde 10, unajiambia "hiki kimoja tu". Halafu kimoja tu kinakuwa 35. Siku ya oda nyingi ndio unasahau zaidi, na siku ya oda nyingi ndio vumbi linakuwa jingi zaidi.

Nikaelewa kitu: kinga inayotegemea ukumbuke itakutupa siku ile ile unayoihitaji. Nikataka vakyumu ikumbuke yenyewe.

INAJUAJE KWAMBA MSUMENO UMEWAKA?

Wazo nililipata kwenye mashine ya kusaga mahindi kule Mpemba. Nilimkuta fundi umeme, mzee wa makamo, anashika kile kipimo chenye mdomo kama koleo. Anaubana waya kwa nje tu, bila kuuchuna, na namba za ampea zinatokea.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana."

"Samahani, hicho kinajuaje umeme unapita na hakijagusa shaba?"

Akacheka. "Waya ukibeba umeme haukai kimya, kijana wangu. Unatengeneza sumaku kuuzunguka. Hiki kinasikiliza ile sumaku."

Ndio siri yote hiyo. Michael Faraday aliionyesha London mwaka 1831: sumaku inayobadilika inazalisha umeme kwenye koili iliyo karibu nayo. Umeme wetu wa TANESCO ni volti 230 na unabadilika mwelekeo, unazunguka mara 50 kila sekunde, kwa hiyo sumaku ya waya inabadilika muda wote. Ukiupitisha waya huo katikati ya koili ndogo ya mviringo, koili inatoa umeme mdogo sana unaofuata ule mkubwa. Koili hiyo inaitwa transfoma ya mkondo. Niliyotumia mimi ina uwiano wa 1000 kwa 1: waya ukibeba ampea 5, koili inatoa elfu ya hapo, yaani miliampea 5.

Basi mpango mzima ni huu:

Msumeno unawaka → koili inasikia → sakiti ndogo inafanya maamuzi → rilei inafunga → vakyumu inawaka. Ukizima msumeno, vakyumu inabaki sekunde kadhaa kumalizia vumbi lililobaki kwenye bomba, halafu inajizima.

Rilei ni swichi inayobonyezwa na sumaku badala ya kidole. Umeme mdogo wa volti 12 unaivuta, yenyewe inafunga njia ya umeme mkubwa. Pande mbili hazigusani.

KWANZA PIGA HESABU, USIKIMBILIE DUKANI

Angalia kibati cha mashine yako, soma wati. Gawanya kwa 230, unapata ampea.

Msumeno wangu wati 1200: 1200 ÷ 230 = ampea 5.2
Vakyumu yangu wati 1400: 1400 ÷ 230 = ampea 6.1
Jumla: ampea 11.3

Plagi zetu za pini tatu zina fyuzi isiyozidi ampea 13. Mimi nimebaki chini yake. Wewe jumla yako ikizidi 13, ISIPITE kwenye plagi moja. Muite fundi akutengenezee njia mbili tofauti. Usibadilishe fyuzi kwa kipande cha waya, nimeshaona watu wanafanya hivyo, nyumba inaungua.

VITU VYA KUNUNUA

1. Transfoma ya mkondo ndogo, ya ampea 5, uwiano 1000 kwa 1 (uliza ZMCT103C)
2. Ai-si LM358, moja, na kiti chake cha miguu 8
3. Rilei ya koili volti 12, mdomo wake uwe ampea 30
4. Transista 2N2222
5. Daiodi 1N4148 mbili, na 1N4007 moja
6. Kapasita mikrofaradi 100 ya volti 25, na moja ndogo ya nanofaradi 100
7. Rezista: omu 100, kilo-omu 2.2, 4.7, 10 (mbili), 22, na 100 (mbili)
8. Rezista ya kuzungusha, kilo-omu 10
9. Adapta ya volti 12, ampea 1, kama ile ya ruta
10. Bodi ya matundu, boksi gumu la plastiki lenye mfuniko, soketi mbili, plagi yenye fyuzi, na waya

Mimi baadhi nilizipata kwa mafundi redio, nyingine niliagiza. Jumla yote, adapta ikiwemo, sikuvuka shilingi elfu 40. Stendi 9 zilizorudi zilikuwa na thamani zaidi ya hiyo.

UPANDE WA VOLTI 12: HUU UNAWEZA KUJENGA MWENYEWE

Hapa hakuna umeme wa kukuua, ni wa adapta tu. Chukua LM358, kitobo au nukta yake iwe juu kushoto. Miguu inahesabiwa kushuka kushoto 1 mpaka 4, halafu kupanda kulia 5 mpaka 8.

Hatua ya 1, chakula cha ai-si. Mguu wa 8 uende chanya ya volti 12. Mguu wa 4 uende hasi. Ile kapasita ndogo ya nano 100 iweke kati ya miguu hiyo, karibu na ai-si.

Hatua ya 2, sikio. Rezista ya omu 100 upande mmoja uende hasi. Upande wa pili upite kwenye rezista ya kilo-omu 10 kwenda mguu wa 3. Daiodi 1N4148 iweke kati ya mguu wa 3 na hasi, ule mstari wake ukiwa upande wa mguu wa 3. Hii inazuia umeme wa kinyume usiumize ai-si. Nyaya mbili za transfoma ya mkondo zitakuja kukaa kwenye ncha mbili za ile omu 100, lakini USIZIUNGE bado.

Hatua ya 3, kipimo cha usikivu. Rezista ya kuzungusha, mguu mmoja wa pembeni uende hasi, mwingine upitie rezista ya kilo-omu 100 kwenda chanya. Mguu wa kati uende mguu wa 2 wa ai-si. Hapa ndipo unapoamua "umeme ukifika kiasi gani nihesabu msumeno umewaka".

Hatua ya 4, subira. Kutoka mguu wa 1 weka daiodi 1N4148 ya pili, mstari ukiangalia mbali na mguu wa 1, halafu rezista ya kilo-omu 4.7, halafu chanya ya kapasita ya mikro 100. Hasi ya kapasita iende hasi. Sambamba na kapasita hiyo weka rezista ya kilo-omu 100. Chanya ya kapasita iunge pia na mguu wa 5.

Ifikirie kapasita kama ndoo. Rezista ya 4.7 ni bomba la kuijaza, ya 100 ni tundu la kuvuja. Ndoo inajaa haraka, inavuja polepole. Ndio maana vakyumu inachelewa zaidi ya nusu sekunde kuwaka, na inaendelea kama sekunde 8 baada ya msumeno kuzimwa.

Hatua ya 5, mwamuzi. Rezista ya kilo-omu 22 kutoka chanya kwenda mguu wa 6, na kilo-omu 10 kutoka mguu wa 6 kwenda hasi. Hapo utapima kama volti 3.75. Ndoo ikipita hapo, mguu wa 7 unapanda.

Hatua ya 6, mkono. Mguu wa 7 upite kwenye kilo-omu 2.2 kwenda besi ya 2N2222. Emita iende hasi. Kolekta iende ncha moja ya koili ya rilei, ncha ya pili ya koili iende chanya. Daiodi 1N4007 iwe sambamba na koili, mstari wake upande wa chanya. Hii usiisahau. Rilei ikiachia, koili inatema volti nyingi kwa kinyume, bila daiodi transista inakufa.

JARIBU KABLA YA KUGUSA UMEME WA UKUTA

Chomeka adapta tu. Chukua betri ya redio ya volti 1.5. Hasi ya betri igusishe hasi ya sakiti, chanya yake igusishe pale omu 100 inapokutana na rezista ya kilo-omu 10 inayoenda mguu wa 3. Shikilia sekunde chache. Rilei itasema "tak!" Toa betri, hesabu: kati ya sekunde 8 na 10 itasema "tak" tena.

Haijasema? Pima mguu wa 8 kama una volti 12. Pima mguu wa 6 kama una 3.75. Angalia mistari ya daiodi. Mara nyingi kosa ni daiodi imegeuzwa au risasi imeunganisha matundu mawili.

Ikifanya kazi, zima, sasa ndio unga transfoma ya mkondo kwenye ile omu 100. Unganisha imara. Koili hiyo haitakiwi kubaki wazi bila rezista wakati waya wa katikati unabeba umeme, kwa sababu ikikosa mzigo inaweza kupandisha volti.

UPANDE WA VOLTI 230: HUU MUITE FUNDI

Nakuomba hapa usijifanye mjuaji. Volti 230 haina "nitajaribu". Mimi nilimrudia yule mzee wa Mpemba, ana leseni ya ufundi umeme ya EWURA. Nilimlipa, na sijutii hata shilingi moja. Lakini ni vizuri ujue anachofanya ili umsimamie:

- Waya wa moto (laivu, ule wa kahawia) unaoenda soketi ya msumeno unapita katikati ya tundu la transfoma ya mkondo, ukiwa na plastiki yake. Haukatwi wala hauchunwi hapo.
- Laivu inayoenda soketi ya vakyumu inapita kwenye mdomo wa rilei.
- Nyutro ya bluu inaenda moja kwa moja soketi zote mbili. Athi ya kijani na njano nayo inafika kote kote. Bila athi hakuna kazi.
- Upande wa 230 na upande wa 12 vinatenganishwa ndani ya boksi, nafasi isipungue milimita 8, na kila waya unafungwa usiweze kuchomoka ukagusa upande mwingine.
- Boksi linafungwa kabisa. Vumbi la mbao linashika moto, halitakiwi kuingia palipo na cheche za rilei.

KUREKEBISHA USIKIVU

Boksi likishafungwa, kitufe cha rezista ya kuzungusha kiwe kimetokeza nje. Msumeno ukiwa umezimwa, punguza mpaka vakyumu iwake yenyewe. Halafu pandisha kidogo kidogo ukisubiri mpaka ijizime, ongeza kidogo tena. Washa msumeno. Vakyumu ikifuata, umemaliza. Ukitumia mashine ndogo kama ya msasa ya wati 200, inavuta kama ampea 0.9 tu, kwa hiyo utahitaji kushusha kipimo chini zaidi kuliko cha msumeno.

MAKOSA YANGU MATATU, USIYARUDIE

La kwanza lilinipotezea siku mbili nzima. Kabla ya kujenga boksi nilitaka kujaribu, nikapitisha kebo nzima ya msumeno kwenye koili kubwa niliyokuwa nayo. Msumeno unanguruma, koili kimya. Nikadhani nimeuziwa mbovu. Mzee aliponiona alicheka mpaka akakaa. "Kijana, umeme unaenda kwa laivu unarudi kwa nyutro. Ukizipitisha zote mbili pamoja, sumaku zinafutana." Lazima upite waya MMOJA tu, laivu peke yake.

La pili, rilei. Nilianza na ile ndogo ya bluu, imeandikwa ampea 10. Vakyumu ni ampea 6, nikaona inatosha. Lakini mota inapoanza inavuta mara kadhaa zaidi ya hapo kwa muda mfupi. Wiki ya tatu mdomo wa rilei ukaungana, vakyumu ikagoma kuzima. Ndio maana nimekuandikia ampea 30.

La tatu, mwanzoni sikuweka ile rezista ya 4.7. Vakyumu ilikuwa inawaka papo hapo na msumeno, mota mbili zinaanza pamoja, sakiti breka inashuka nyumba nzima. Mama anapika, gizaa! Ile nusu sekunde ya kuchelewa ndio inaupa msumeno nafasi ya kuanza kwanza.

Na kuna tahadhari ambayo hakuna sakiti itakusaidia: umeme ukikatika katikati ya kazi, zima swichi ya msumeno na uchomoe kabla hujafanya lolote. Umeme ukirudi na swichi iko juu, msumeno utaanza wenyewe, na vakyumu itaufuata kwa utiifu kabisa huku kidole chako kipo pale.

IMENISAIDIA NINI?

Nilimpa dogo daftari tena. Mara 52 nimekata, mara 52 vakyumu imewaka. Hakuna aliyekumbuka chochote.

Sitakudanganya kwamba vumbi limeisha. Lile laini kabisa linapita hata kwenye mfuko wa vakyumu ya kawaida na kubaki hewani. Kwa hiyo barakoa bado tunavaa, dirisha liko wazi, na vanishi sasa napaka asubuhi, kwenye chumba kingine, kabla msumeno haujawashwa siku hiyo. Dogo nimemtoa kwenye kukata. Anapakia, anaandika anwani, anajibu wateja. Nilimpeleka hospitali, wakampima, akapewa dawa, na akarudi shule vizuri. Mama bado anachungulia mlangoni, na ana haki.

Yule dada wa Mbeya nilimtumia stendi zake 9 upya. Mwezi uliofuata akaagiza 15 na nyingine 15. Hajarudisha hata moja.

"KAKA, NIUZIE NA MIMI HICHO KIBOKSI"

Nilipoweka video kwenye Status watu watano waliniuliza bei, mmoja wa Nakonde alitaka vitatu siku hiyo hiyo. Pesa ilikuwa pale pale. Nilikataa, na nataka uelewe kwa nini, maana humu wote ni wauzaji.

Stendi yangu ikiwa mbovu, simu inadondoka. Boksi langu la umeme likiwa mbovu, mtu anakufa nyumbani kwake akiwa peke yake, na mimi nipo Tunduma nahesabu faida. Kifaa cha umeme cha kuingia sokoni kinatakiwa kiwe kimepimwa na kukidhi viwango vya TBS. Changu kimepimwa na mimi na mzee mmoja, kwa karakana moja. Kujua kutengeneza kitu na kuwa tayari kukiuza ni mambo mawili tofauti. Ukitaka kukifanya biashara, anza na SIDO wakuelekeze njia, halafu TBS. Njia ya mkato usiipite.

NA WEWE USIYETUMIA MSUMENO?

Chukua daftari siku moja. Chagua kile kitu ambacho unaapa "huwa nakifanya kila mara": kupima uzito, kuandika tarehe, kukagua zipu kabla ya kufunga mzigo. Mpe mtu ahesabu. Usijihesabie mwenyewe, utajipendelea. Halafu linganisha na idadi ya mizigo uliyotuma.

Ukikuta pengo, usijilaumu na usiweke nadhiri mpya. Kifunge kile unachosahau kwenye kile usichoweza kukiruka. Rafiki yangu mmoja anauza kahawa ya Mbozi kwenye pakiti, alikuwa anasahau kuandika tarehe ya kukaanga. Akaifunga kalamu kwa kamba kwenye mkono wa mashine yake ya kubana pakiti. Huwezi kubana bila kuishika kalamu. Ni kamba na kalamu tu, ila inafanya kazi ile ile ya boksi langu.

Hifadhi somo hili, na kama una jamaa yako seremala mtumie. Kesho mapema nina fremu 6 za kwenda Sumbawanga, acha nikafagie.